Magic Lantern: jinsi kamera za Canon zilivyofunguliwa bila kuvunjwa

Mwaka 2003 Canon iliuza kamera mbili zenye kihisi cha megapikseli 6.3. Moja, EOS 10D, ilikusudiwa wapiga picha wenye uzoefu, na bei yake Marekani ilikuwa kama dola 1,500. Nyingine, EOS 300D, ilivishwa bodi ya plastiki na kuuzwa kwa kama dola 900. Waliochungulia programu ya hiyo ya bei nafuu walikuta baadhi ya uwezo wa 10D umo humo humo ndani, ila haukuwekwa kwenye menyu. Likasambaa toleo lililorekebishwa la programu hiyo, kazi ya mtaalamu aliyejulikana kwa jina la Wasia, na mwenye 300D akapata ISO 3200, udhibiti wa nguvu ya flashi na uwezo wa kuinua kioo cha ndani kabla ya picha kupigwa. Hakuna skrubu iliyoguswa.

Njia ya Wasia ni rahisi kuieleza, lakini kuitumia kulikuwa na hatari. Unachukua faili la Canon lenyewe, unabadilisha sehemu fulani, kisha unaliingiza kwenye kamera lichukue nafasi ya lile la awali. Betri ikikata katikati, au faili likiwa na kosa, kamera inaweza isiwake tena. Ninachotaka kukichambua hapa ni kazi iliyofuata, ya watu walioamua kutoifuta wala kuibadilisha programu ya mtengenezaji. Kwa maoni yangu ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa na watu wa kujitolea kwenye vifaa vya picha.

Walianza na kamera ndogo za mfukoni, familia ya PowerShot. Mradi wao uliitwa CHDK, na kikwazo cha kwanza kilikuwa hiki: huwezi kufanya kazi na programu usiyoiona. Programu ya kamera imekaa ndani ya chipu, na waya wa USB hutoa picha tu, hautoi programu. Kwa baadhi ya kamera jibu lilikuwa la ajabu. Waliandika kijiprogramu kidogo mno, wakakiingiza kwa njia ya kadi ya kumbukumbu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusoma kumbukumbu ya kamera na kuwasha na kuzima taa ndogo ya kamera kufuatana na inachokisoma. Mbele ya taa hiyo waliweka kifaa kinachohisi mwanga, wakakiunganisha na tundu la maikrofoni la kompyuta. Kompyuta ikarekodi mimweko ya taa kama sauti, kisha sauti hiyo ikageuzwa kuwa namba, na namba zikawa programu nzima ya kamera. Kila mwenye haraka ya kusema kwamba udukuzi ni kuvunja tu milango angepaswa kuitafakari hatua hii. Hapa kifaa kiliombwa kijieleze chenyewe, kwa mwanga wa taa yake.

Baada ya kuisoma programu, waligundua jinsi kamera inavyoamka. Kadi ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni cha kuzuia kuandika. Kamera nyingi za PowerShot zinapowashwa huangalia kama kiswichi kimefungwa na kama kadi imewekewa alama ya neno BOOTDISK. Mambo hayo mawili yakiwepo, kamera hutafuta faili linaloitwa DISKBOOT.BIN na kuliendesha kabla ya jambo lingine lolote. Kwa dalili zote huo ni mlango ambao wahandisi wa Canon walijiachia wenyewe. CHDK ilipitia hapo. Inaingia kwenye kumbukumbu ya muda, inaiamsha programu ya Canon kama kawaida, kisha inakaa pembeni yake na kuongeza menyu yake. Picha zinaendelea kuhifadhiwa, kwa sababu CHDK huambia kamera isijali kwamba kiswichi kimefungwa. Ukitoa kadi, kamera inarudi kuwa ile uliyoitoa dukani.

Kwa njia hiyo kamera ya bei ndogo ilipata picha ghafi, muda wa shata usiokuwapo kwenye menyu, kupiga picha yenyewe kinapopita kitu mbele yake, na lugha ndogo ya kuandikia maagizo. Mwaka 2009 wanafunzi wa MIT waliiweka Canon A470 yenye CHDK ndani ya boksi la kuhifadhi baridi, wakalifunga kwenye puto la hali ya hewa na kulirusha. Kamera ilipiga picha yenyewe kila baada ya sekunde chache hadi juu mahali ambapo anga ni nyeusi na mviringo wa dunia unaonekana. Gharama yote haikufika dola 150.

Magic Lantern, mradi wa aina hiyo hiyo kwa kamera kubwa za EOS, ilianza mwaka huo huo wa 2009, kwa sababu ya sauti.

Canon EOS 5D Mark II ilitoka mwaka 2008 na ikawapa watengeneza filamu wa kipato kidogo kitu ambacho hawakuwahi kukishika: video ya 1080p kutoka kwenye kihisi kikubwa, chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35. Lakini ilitengenezwa na watu wanaofikiria picha mnato. Sauti yake ilijirekebisha yenyewe muda wote. Mzungumzaji akinyamaza, kamera ilidhani sauti imepungua, ikaongeza nguvu ya maikrofoni, na ukimya ukajaa mvumo. Akianza kusema tena, neno la kwanza likapasuka. Hapakuwa na mita ya sauti kwenye kioo wala njia ya kuzima tabia hiyo. Mhandisi Mmarekani Trammell Hudson, aliyetaka kuitumia kamera hiyo kwa filamu, alianza kuisoma programu yake.

Alichokikuta ndani ni DryOS, mfumo endeshi wa Canon wenyewe, unaofanya kazi juu ya prosesa ya aina ya ARM iliyomo ndani ya chipu ya DIGIC. Mfumo huo hugawa kazi katika vipande vinavyokwenda sambamba: kimoja kinashughulikia vitufe, kingine kadi, kingine kioo. Wahandisi wa Canon walikuwa wameacha ndani yake maandishi mengi ya kufuatilia makosa, na maandishi hayo yakawa alama za njia: pale panapoandikwa jina la kazi fulani, msimbo wake uko karibu. Zaidi ya hapo, kazi nyingi zinaweza kuitwa kwa majina yake, na mojawapo inaitwa EnableBootDisk. Ukiiita, kamera inaweka alama ya kudumu kwenye kumbukumbu yake kwamba kuanzia sasa iruhusu kuanza kwa kadi. Hilo ndilo badiliko la kudumu ambalo usakinishaji wa Magic Lantern hulifanya kwenye kamera, na iko kazi ya pili, DisableBootDisk, ya kuliondoa.

Kutoka hapo mambo yanafanana na CHDK. Kamera inaona alama yake, inaona alama kwenye kadi, inaendesha AUTOEXEC.BIN. Faili hilo linanakili sehemu ya mwanzo ya programu ya Canon kwenye kumbukumbu ya muda, linairekebisha kidogo ili ijitengee nafasi, kisha linaiacha Canon iamke na kuongeza kazi zake miongoni mwa kazi za DryOS. Toleo la Hudson lilizima ule urekebishaji wa sauti na kuweka mita kwenye kioo. Baadaye ikaja mistari ya kuonyesha sehemu zilizozidi mwanga, udhibiti wa idadi ya fremu, na mengine mengi.

Hiyo idadi ya fremu inatugusa sisi moja kwa moja. 5D Mark II ilitoka kiwandani ikirekodi fremu 30 kwa sekunde tu. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa za mirija za ukumbini hupiga mara 100 kwa sekunde. Gawanya 100 kwa 30, haigawanyiki sawasawa, na video inaweza kumemeteka. Gawanya kwa 25, unapata mipigo minne kamili kwa kila fremu. Canon yenyewe iliongeza fremu 24 na 25, pamoja na udhibiti wa sauti kwa mkono, kwa sasisho la Machi 2010. Kwa hiyo mambo haya hayakuwa nje ya uwezo wa kamera. Yalihitaji mtu wa kuamua kwamba mnunuzi anastahili kuyapata.

Kilele kilifika mwaka 2013. Mwandishi mkuu wa mradi wakati huo, anayejulikana kwa jina la a1ex, aliona kwamba wakati kioo cha nyuma cha kamera kinaonyesha picha hai, data ghafi ya kihisi yenye biti 14 hupita kwenye kumbukumbu kabla haijabanwa kuwa video ya kawaida. Magic Lantern ikaichota hapo hapo na kuimwaga kwenye kadi. Hesabu yake inatisha kidogo. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye biti 14 ni kama megabaiti 3.6. Fremu 24 ni kama megabaiti 87 kila sekunde. 5D Mark III, yenye nafasi ya kadi ya CF, iliweza kuzimeza kama kadi yenyewe ni ya kasi. Kamera ndogo kama 600D, ambayo njia yake ya SD huishia karibu megabaiti 20 kwa sekunde, zilijaza kumbukumbu baada ya muda mfupi na kusimama. Ukipunguza ukubwa wa picha unapata muda zaidi. Programu iliweza kuondoa zuio la menyu, lakini kasi ya waya ndani ya kamera haikuweza kuiongeza, na ni vizuri mnunuzi alijue hilo kabla hajasikiliza sifa.

Mwaka huo huo a1ex alitoa pia Dual ISO. Kihisi cha 5D Mark III kinaweza kuagizwa kusoma baadhi ya mistari kwa ISO 100 na mingine kwa ISO 1600 ndani ya picha moja. Mistari ya kwanza inahifadhi mwanga wa dirishani, ya pili inatoa sura ya mtu aliyekaa kivulini, kisha kompyuta inaiunganisha. Unapoteza ukali kidogo penye giza na penye mwanga mkali, ila unapata uwanda wa mwanga uliopanuka kwa karibu stopu tatu. Menyu ya Canon haikuwa na kitu hicho. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kazi hizi ni kuiba tu kilichofichwa. Dual ISO haikufichwa popote, ilibuniwa.

Sasa simu. Mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanapoflashi simu, mara nyingi wanatumia njia ya Wasia: programu nzima inaondolewa na nyingine inawekwa. LineageOS, iliyochukua nafasi ya CyanogenMod mwishoni mwa 2016, imefufua simu nyingi zilizotelekezwa na watengenezaji wake kwa njia hiyo. Ni kazi yenye heshima, lakini gharama zake ni halisi: kufungua kufuli la programu inayoiamsha simu kwa kawaida hufuta data yote, na programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa.

Upande wa kamera za simu kuna njia iliyo karibu zaidi na Magic Lantern. Programu ya kamera ya Google hupiga fremu kadhaa zenye mwanga mdogo kwa haraka, huzilinganisha na kuziunganisha ili chembechembe za giza zipungue. Google iliitengenezea simu zake, wapenzi wakairekebisha ifanye kazi kwenye simu za wengine. Sharti ni kwamba simu iwe imefungua njia inayoitwa Camera2, iliyoanza na Android 5.0, inayoruhusu programu ya nje kuiagiza kamera moja kwa moja. Xiaomi Mi A1 ya mwaka 2017 ilikuwa na uwezo huo lakini ilitoka ukiwa umezimwa. Uliwashwa kwa mstari mmoja wa maandishi: persist.camera.HAL3.enabled=1. Mstari mmoja, na mwenye simu ile akapata picha za usiku ambazo hakuuziwa.

Nadhani watengenezaji wana haki ya kukataa dhamana kwa kifaa kilichochomwa na programu ya mtu mwingine. Hawana haki ya kumzuia aliyelipa asiamue kifaa chake kifanye nini, hasa kwenye soko la mitumba ambako dhamana ilishakwisha zamani. Mlango wa kadi uliokuwa kwenye kamera hizi ungefaa kuachwa wazi kwa makusudi.

Na wewe unayefikiria kuijaribu kwenye 5D Mark II au 600D ya mtumba, sikiliza haya. Pata faili kutoka kwa mradi wenyewe, usipokee la kutumiwa na mtu. Chaji betri ijae. Ukifuta AUTOEXEC.BIN na kuacha alama kwenye kadi, kamera itagoma kuwaka hadi uitoe kadi hiyo, kwa hiyo usiipe rafiki mwenye kamera iliyofunguliwa kama yako. Kubwa kuliko yote ni toleo la programu ya Canon, kwa sababu Magic Lantern hutegemea mahali kamili ambapo kila kazi imekaa kwenye kumbukumbu, na mahali hapo hubadilika kila Canon inapotoa sasisho. 5D Mark II inataka 2.1.2, na 600D inataka 1.0.2. Fungua menyu, lisome toleo lako, na lisipolingana usiendelee.