Hongera, Mwalimu wa Faragha

Hapa Lugoba, kando ya barabara ya Chalinze–Segera, ukisajili laini ya simu unatoa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama ya kidole. Nani anaruhusiwa kuzitumia? Profesa Alex Makulilo wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alilishika swali hilo mapema, wakati ibara ya 16 ya Katiba ikitaja faragha lakini sheria mahsusi haikuwapo. Mwaka 2016 alihariri kitabu kuhusu sheria za faragha ya taarifa Afrika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuja 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Nampongeza hasa kwa subira: kulea somo miaka yote ile, kabla Bunge halijalipa meno.