Msako wa Riwaya Isiyo na Jina

Kumbukumbu yenyewe husikika hivi, iwe imetajwa barazani Musoma au ndani ya basi la Bunda: kulikuwa na mtu aliyeshtakiwa, akahukumiwa, akapelekwa angani, akatua katika nchi ambako watu wanaishi vizuri kuliko kwetu. Kilikuwa kitabu cha Kiswahili, kilisomwa enzi za sekondari. Jina limepotea, mwandishi naye hakumbukwi.

Aliyepita darasa la fasihi atajibu papo hapo: Kusadikika. Ana sababu. Riwaya hiyo ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, inasimulia nchi inayoelea hewani, na mshtakiwa wake, Karama, anasimamishwa barazani kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Kesi ipo, anga ipo, na safari za wajumbe zipo. Wengi huufunga msako hapo.

Wanahesabu yanayolingana bila kuyapima uzito. Kesi na safari zimejaa katika masimulizi ya Kiswahili, kwa hiyo hazitofautishi kitabu na kitabu. Anayesaka kwa makini huuliza kwanza juu ya lile jambo moja geni: mtu huyo alifikaje angani? Wajumbe wa Kusadikika hawahitaji mtambo, na Karama hatumwi angani kuadhibiwa. Jibu likiwa ni chombo kilichorushwa, tena kwa hukumu, jibu la papo hapo limeanguka.

Bunda kuna mtego wa aina yake. Ukishika njia ya Kisorya unafika kwenye kivuko cha kwenda Rugezi, na ng'ambo ni Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Ni rahisi mtu kumkumbuka jirani, akataja Nagona (1990) au Mzingile (1991), riwaya zenye safari na mambo yasiyo ya kawaida tele. Lakini riwaya hizo mbili ni ngumu kusimulia upya hata siku ile ile ulipozifunga. Mtu anayekumbuka baada ya miaka mingi kwamba fulani alihukumiwa, kisha akarushwa, kisha akatua, hakusoma Nagona.

Baada ya kuondoa hayo, kitabu chenyewe huanza kusema, hata kikiwa hakina jalada la mbele. Namba ya ISBN inaonyesha nchi ya mchapishaji: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya. Kwa mkoa wa Mara, zilipo Musoma na Bunda, Kenya si mbali. Barabara ya Musoma inaishia mpakani Sirari, na kitabu cha Nairobi hakikuwa lazima kizungukie Dar es Salaam kwanza. Mgongo wa kitabu nao una tarehe yake ya kificho. Kampuni ya Heinemann Kenya ilibadili jina mwaka 1992 na kuwa East African Educational Publishers. Anayekumbuka jina hilo refu alishika toleo la baada ya hapo.

Anga, chombo, hukumu, Nairobi, miaka ya 1990: mlango unabaki mmoja. Ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotolewa na East African Educational Publishers mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa, anafungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani ili akafe huko, lakini anakifikisha Walenisi, nchi yenye haki na usawa. Mkangi, mwanasosholojia, aliwahi kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani katika utawala wa Moi, na hukumu aliyoiandika ina makali ambayo msomaji wa umri wa shule huondoka nayo hata akisahau mengine yote.

Jina likishapatikana, bado nakala. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1967, kwa sheria hupokea vitabu vinavyochapishwa Tanzania, na hiki kilichapishwa nje. Ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyoko Nairobi tangu 1966 hununua machapisho ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mtu wa Musoma hutafuta kwa simu katika orodha iliyoko Washington. Ni kichekesho kidogo. Orodha, hata hivyo, inathibitisha jina na mwaka tu. Nakala ya kusoma itafutwe maktaba ya mkoa na kwenye kabati za shule zilizofundisha Kiswahili miaka hiyo.

Kipimo cha mwisho ni kuisoma nakala na kuandika pembeni kila kumbukumbu isiyomo. Kama nchi ile ilikuwa ikielea kama wingu, kipande hicho ni cha Shaaban Robert, na anayesimulia alisoma vitabu viwili akavifanya kimoja.