Jamani, Nimemwona Muhanga!

Weka hicho kikombe chini kwanza, usije ukajimwagia chai. Nimetoka Serengeti sasa hivi, mwili bado unanisisimka, na mguu wangu haujakanyaga hata geti la Naabi! Nipo hapa hapa kwenye kochi, simu mkononi, betri inakata roho, nami nakwambia rafiki yangu, hiki kitu ni kitamu, kitamu mno, kitamu kupita kiasi, lazima ukionje.

Kinaitwa Snapshot Serengeti. Unakipata kwenye jukwaa la Zooniverse, bure kabisa, na huombwi hata jina. Inakuja picha, unaulizwa umeona mnyama gani, wako wangapi, wanafanya nini, kuna vitoto? Basi, kazi yote ndiyo hiyo! Ila majibu yako hayapotei hewani, yanakwenda kwa watafiti wa kweli kweli wanaoyasubiri. Wewe na mimi, ambao baiolojia tuliiacha shuleni na daftari lake, tumo ndani ya utafiti. Yaani!

Sasa hizo picha... we acha tu. Hakuna mpiga picha aliyejibanza garini akisubiri jua lizame. Ni kamera zilizofungwa kwenye miti na nguzo, zinagutuka zenyewe kitu kikipita mbele yake, pa! pa! pa! Kwa hiyo wanyama hawajajipanga, hawana habari na mtu. Unafungua, unakuta pua ya fisi imejaa skrini nzima, nyeusi, mbichi, inang'aa, mpaka unarudisha kichwa nyuma. Nyingine: tako la punda milia, basi. Nyingine: miguu minne mirefu ya twiga na kipande cha tumbo, mwenyewe kaendelea huko juu nje ya picha. Nyingine: simba jike kajibwaga kivulini, mguu juu, hana hata haya. Na bado!

Usiku ndio balaa lenyewe. Giza totoro, halafu ghafla macho mawili yanawaka. Nungunungu kasimamisha miiba. Kamendegere yuko hewani. Na mimi, nisikilize vizuri, nimemwona muhanga! Muhanga mwenyewe, yule ambaye wengi wamezunguka mbugani miaka na miaka bila kumtia machoni, kwa sababu mchana amejichimbia shimoni: masikio marefu yamesimama, mgongo umepinda, mkia mnene unaburuzika, anajikokota kama babu aliyeamka kutafuta maji ya kunywa. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Nisikufiche, kuna nyasi. Nyasi nyingi! Upepo ukizitikisa kamera inadhani kaja mgeni, kwa hiyo sehemu kubwa ya picha haina mnyama yeyote. Unabonyeza hamna kitu, hamna kitu, hamna kitu... na hapo ndipo kidole kinapokataa kabisa kuacha, maana inayofuata huenda ikawa chui. Na hata hiyo hamna kitu yako ni kazi, imempunguzia mtu mzigo.

Najua utasema: mimi namjua tembo na twiga tu. Usijali! Unachagua umbo la pembe, rangi, mkia, na orodha ya wanyama inapungua yenyewe. Kwenye swala, samahani, inabidi utazame matako. Weupe wa swala granti unapanda juu ya mkia, wa swala tomi unaishia chini yake. Siku hizi mimi ni bingwa wa matako ya swala, sina aibu. Nyumbu nao wakija, wamefunika ardhi mpaka upeo wa macho, huhangaiki na vidole: kuna chaguo la 51 na kuendelea. Raha gani hiyo!

Na kilichonipagawisha hasa ni kwamba jibu lako halisimami peke yake. Picha moja yenye mnyama hupita mbele ya watu wengi wasiojuana, ndipo majibu yanapimwa pamoja. Watafiti walizichukua picha zaidi ya 4,000, wakawapa mabingwa wazitambue, kisha wakalinganisha. Sisi na mabingwa tulikubaliana kwa zaidi ya asilimia 96! Sisi! Watu wa kochi!

Mwenye mzigo huu mwanzoni alikuwa mtafiti Ali Swanson, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani. Kuanzia 2010 zilitandazwa kamera 225 katika kilomita za mraba 1,125 (fisi wanazitafuna, tembo wanazing'oa, na bado!), picha zikamiminika kuliko macho yaliyokuwepo, na Desemba 2012 zikafunguliwa kwa kila mtu. Watu zaidi ya 28,000 walijiandikisha, wengine kama 40,000 wakaingia hivi hivi, majibu yakapita milioni 10. Na yamezaa mambo! Wengi tungedhani duma anamkimbia simba, anamwachia eneo lote. Wapi! Kamera zimeonyesha duma anapita mle mle anamopita simba, anachokwepa ni kukutana naye tu. Anangoja kwanza mkubwa aondoke. Mjanja mno yule! Mwaka 2018 wataalamu wakatumia picha milioni 3.2 za mradi huu kuifundisha kompyuta kutambua wanyama. Kompyuta imefundishwa na sisi, unasikia?

Tena Zooniverse siyo mbuga peke yake. Mizizi yake ni Galaxy Zoo ya mwaka 2007, watu wakizipanga galaksi kwa maumbo, na mwaka huo huo mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona doa la ajabu angani ambalo leo linaitwa kwa jina lake. Mwalimu wa shule! Huko sijaingia, naogopa sitarudi.

Njoo basi jioni tukae wo... ngoja, ngoja, imefunguka nyingine. Usiku. Kitu chembamba, masikio makubwa kuliko kichwa chenyewe... bweha masikio! Wawili! Hapana, watatu, huyo wa nyuma ni kitoto, jamani kitoto! Na bado!