Heko kwa masajini wa Seattle

Kazi ya sajini wa polisi haisifiwi sana. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu polisi wa Seattle, Marekani, unatupa sababu ya kuisifu. Askari walichaguliwa kwa bahati nasibu, wakaitwa na masajini wanaowasimamia kuzungumzia tukio la kawaida walilolishughulikia: waliona nini, waliwaza nini, wakaamua vipi. Hawakuitwa kukaripiwa, na naamini hapo ndipo penye siri, kwa kuwa askari anayesikilizwa na mkubwa wake hujifunza kumsikiliza raia. Baadaye, walioitwa walikamata watu na kutumia nguvu mara chache kuliko wenzao.

Atasema mtu kwamba walilegea tu. Ushahidi unakataa: walijishughulisha na jamii sawa na wenzao. Pingamizi nzito zaidi ni kwamba mabadiliko yalionekana hasa kwenye maeneo yenye hatari ndogo. Ni kweli, lakini rungu lisilo la lazima huumiza huko pia, na mkubwa anayemuuliza askari wake aliwaza nini hahitaji silaha mpya, anahitaji kupewa muda na kuheshimiwa kwa kazi hiyo.