Hukumu ya Mkwawa na Kanuni za Maonesho ya Sayansi ya Shule

Maonesho ya sayansi ya shule hupima njia iliyofuatwa kupata jibu. Jibu lenyewe huja baadaye, na wakati mwingine halina uzito wowote. Kibali cha kuanza kazi, ridhaa ya watu wanaochunguzwa, daftari la kumbukumbu na mahojiano ya majaji vyote vimewekwa ili kulinda njia hiyo. Kwa kipimo hicho, uamuzi mbaya kuliko yote unaojulikana katika sayansi ya shule za Tanzania ulitolewa darasani katika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, miaka ya 1960, dhidi ya mwanafunzi Erasto Mpemba. Ungekuwa mbaya hata kama mwalimu aliyeutoa alikuwa na jibu sahihi, na upo uwezekano kwamba alikuwa nalo.

Kisa kinajulikana. Mwaka 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kuacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja aliamua kutochemsha maziwa, akachanganya sukari na kuwahi nafasi. Mpemba, kwa kuogopa kukosa, aliingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Jaji mkali angeona kasoro papo hapo: maziwa mabichi dhidi ya yaliyochemshwa ni vitu viwili tofauti, na ulinganisho wa namna hiyo hauthibitishi lolote. Kasoro hiyo inarekebishika, na Mpemba aliirekebisha mwenyewe baadaye.

Alipofika Mkwawa na kufundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, aliuliza kwa nini cha moto kiliganda kwanza. Mwalimu akamjibu kwamba alichanganyikiwa. Aliposhikilia hoja yake, mwalimu akafunga mjadala kwa kusema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila kosa alilofanya darasani lilipachikwa jina lake: likiwa la hesabu, ni hesabu za Mpemba.

Uamuzi huo ulikuwa na mambo matatu ndani yake, na ni muhimu kuyatenganisha.

La kwanza ni hoja ya kinadharia, na hiyo ilikuwa na msingi. Kanuni ya Newton inasema kasi ya kupoa hutegemea tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake. Ikiwa joto ndilo jambo pekee linalotofautisha maji mawili, maji ya nyuzi 100 lazima yapitie nyuzi 35 yakiwa njiani kushuka, na yakifika hapo yatakuwa sawa kabisa na yale yaliyoanzia 35, ila yatakuwa yamechelewa. Hoja hii hufundishwa hadi leo. Udhaifu wake uko kwenye neno “pekee”. Maji ya moto hupoteza ujazo kwa mvuke, mzunguko wake wa ndani ni tofauti, hewa iliyoyeyuka ndani yake hupungua, na chombo chake huweza kuyeyusha barafu nyembamba iliyo chini yake na hivyo kugusana vizuri zaidi na sakafu ya jokofu. Kutumia kanuni bila kuangalia masharti yake ni kosa la kawaida, na mwalimu husamehewa.

La pili halisameheki. Ushahidi ulikuwa hatua chache kutoka pale, na hakuna aliyeutafuta. Maabara ya biolojia ya shule hiyohiyo ilikuwa na jokofu. Mpemba aliikuta wazi siku moja, akachukua bika mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka zote kwenye sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja, iliyokuwa ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Jaribio hilo halikuhitaji fedha, kibali cha wizara wala mtaalamu kutoka nje. Mwalimu mwenye mashaka angeweza kulifanya mbele ya darasa, na kama matokeo yangempinga Mpemba, darasa zima lingejifunza jambo. Badala yake swali lilihukumiwa kwa cheo cha aliyejibu.

La tatu ni dhihaka. Kugeuza jina la mtoto kuwa jina la makosa ni adhabu kwa aliyeuliza na onyo kwa waliokuwa wanataka kuuliza. Ni nadra kanuni za maonesho kutaja dhihaka kwa jina, na pengine hilo ni pengo la kuzibwa.

Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akauliza swali lilelile, safari hii kwa vipimo: vyombo viwili vinavyofanana, ujazo sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100. Osborne naye hakuamini, ila alirudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanywe. Hapa pana tukio dogo ambalo wasimuliaji wengi hulipita kwa kicheko. Fundi wa maabara aliporipoti kwamba cha moto kiliganda kwanza, aliongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Kauli hiyo ni mbegu ya kupika data. Kurudia jaribio ni wajibu. Kulirudia mpaka likubaliane na kitabu ni udanganyifu, hata likifanywa kwa nia njema. Daftari linaloonesha majaribio matatu yaliyokubaliana na nadharia, huku mengine saba yakiwa yamechanwa, ni daftari la uongo.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti ambao haukupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Walionesha kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kuzaa tofauti isiyokuwepo. Huenda basi mwalimu wa Mkwawa alikuwa sahihi kuhusu maji. Hilo halimwondolei kosa, kwa sababu Burridge na Linden walipima na yeye hakupima.

Kanuni za leo za maonesho hutibu sehemu ya maradhi haya, ya kuhukumu bila kupima na ya kupika data, kwa kudai mpango ulioandikwa kabla ya jaribio la kwanza. Tanzania ina mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa mfano wa yale ya Ireland yaliyoanza 1965, na ina MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya serikali, tangu 2019. Kenya ina mashindano yake yanayopanda ngazi hadi taifa. Kanuni zilizoandikwa kwa undani zaidi ni za ISEF, maonesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya wanafunzi yanayofanyika Marekani, yaliyoanza mwaka 1950: timu haizidi wanafunzi watatu, kazi inayohukumiwa haizidi miezi 12 mfululizo, na miradi inayogusa watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vimelea hatari hupitiwa na kamati kabla ya kuanza. Shule nyingi hufanya kinyume. Kazi hufanywa, tarehe ya maonesho inakaribia, ndipo fomu zinasainiwa kwa tarehe za nyuma. Sahihi ya namna hiyo ni ya kughushi.

Watu ndio eneo lenye hatari kubwa, na mfano wa wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, unaonesha kwa nini. Mikoa ya Simiyu na Shinyanga ina maeneo ambayo maji ya visima yana floridi nyingi, na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwanafunzi wa Mwanhuzi, mji mkuu wa Meatu, anayetaka kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, ana mradi mzuri wenye malighafi tele. Akipima maji kabla na baada ya kuchuja, hagusi mtu. Akiwaomba wenzake wafungue vinywa ili ahesabu meno yenye madoa ya kahawia, tayari anafanya utafiti juu ya binadamu. Akiwanywesha maji aliyochuja ili waseme ladha yake, amezidi hapo. Ridhaa inatakiwa kwa mtoto na kwa mzazi, na kwa mzazi anayezungumza Kisukuma tu, karatasi ya Kiingereza iliyowekwa dole gumba haina maana yoyote. Aelezwe kwa lugha yake, aulizwe, aruhusiwe kukataa. Picha ya kinywa cha mwenzake ikibandikwa kwenye bango bila ruhusa ni kosa jingine. Kamati ya ISEF ya utafiti wa watu huhitaji walau mwalimu, kiongozi wa shule na mtu wa afya, na mwalimu mlezi wa mradi haketi kuamua mradi wake. Mwanhuzi ina hospitali ya wilaya. Kumpata muuguzi wa kukaa saa moja si jambo gumu.

Dawa za mitishamba zinastahili onyo la peke yake. Kila maonesho huleta mzizi unaotibu vidonda vya tumbo, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, ukiwa na ushuhuda wa wajomba watatu. Tanzania Bara, utafiti wa afya kwa binadamu hupitia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mwanafunzi wa kidato cha pili hapewi msamaha kwa sababu ya umri wake. Mzizi huo unaweza kupimwa kihalali dhidi ya funza wa vitumba kwenye pamba, zao ambalo Simiyu inalijua kuliko mkoa mwingine wowote, na hakuna mjomba atakayedhurika.

Kwa wanyama, mwaka 1969 shindano la vipaji vya sayansi Marekani lilimtunuku mwanafunzi aliyepofusha shorewanda, na kelele zilizofuata zilibadili kanuni. Leo jaribio linalokusudia kuua mnyama mwenye uti wa mgongo haliruhusiwi ISEF. Vimelea visioteshwe nyumbani, hata vikitoka kwenye maziwa freshi ya jirani. Sahani zilizooteshwa zifungwe na zisifunguliwe.

Msaada wa watu wazima unaruhusiwa mradi uandikwe. Mpaka wake ulioneshwa vizuri na Uchina mwaka 2020, ilipofutwa tuzo ya mtoto wa shule ya msingi wa Kunming aliyeshinda kwa utafiti wa jeni ya C10orf67 na saratani ya utumbo mpana. Mzazi wake alikuwa mtafiti katika taasisi ya zoolojia ya mji huohuo. Majaji waliompa tuzo hawakuhitaji kumjua baba wala mama. Dakika tano za kumuuliza mtoto zingetosha. Nchini aina hii ya kosa huvaa sura nyingine: mradi wa kaka aliyemaliza mwaka juzi hubadilishwa jalada, au desa la kutoka mtandaoni husomwa mbele ya majaji kama sala.

Bango na vipimo vyake havihitaji maneno mengi. Kemikali, vioo vyenye ncha, vyakula na viumbe hai hubaki nyumbani.

Kwa majaji, ugonjwa sugu ni mapenzi ya mashine. Mashine ya kuangulia vifaranga imeshinda mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa sababu balbu inawaka, kifaranga analia na mgeni rasmi anatabasamu. Ukiulizwa ni mayai mangapi yaliwekwa, mangapi yaliangua na mangapi yangeangua chini ya kuku, ukimya hutawala. Hii ni hukumu ya Mkwawa iliyogeuzwa: kule kitu kilikataliwa bila kupimwa, hapa kinakubaliwa bila kupimwa. Mpemba asingepata hata nafasi ya tatu katika maonesho ya namna hiyo, kwani alikuwa na bika mbili na swali.

Suala la mwisho ni haki ya kazi. Jina la kwanza kwenye makala ya Mpemba na Osborne, iliyotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ni la Mpemba, aliyekuwa wakati huo amekwenda chuo cha wanyamapori Mweka. Msomi wa chuo kikuu alikubali kutangulizwa na kijana aliyemuuliza swali, na huo ndio utaratibu ambao walimu walezi wanaojiweka mbele ya wanafunzi wao wanapaswa kuufuata. Kwa vifaa vipya, uvumbuzi uliokwisha kuanikwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya machoni pa sheria ya hataza. Shule yenye kifaa cha namna hiyo iwasilishe maombi ya hataza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kwanza, bango lije baadaye.