Karura: Lango Lilipotengwa na Kijia

Ada ya kuingia msitu wa umma ina kazi moja inayotangulia nyingine zote: kulipia uchakavu unaoletwa na wanaoingia. Kila kiatu, kila gurudumu la baiskeli na kila kikapu cha mandari huacha alama, na alama hizo hujumlishana. Usimamizi bora wa utalii wa msituni hupimwa kwa muda ambao shilingi iliyolipwa langoni huchukua kufika kwenye kijia kilichoharibika. Kwa kipimo hicho, msitu wa Karura ulikuwa miongoni mwa misitu iliyosimamiwa vizuri Kenya, hadi mwishoni mwa Agosti 2025, Shirika la Huduma za Misitu (KFS) lilipoagiza malipo yote ya malangoni yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni. Agizo hilo lilikuwa kosa, na kosa la kiufundi kabla halijawa la kisiasa.

Karura una zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Historia yake ya miaka ya 1990 inajulikana: ardhi yake iligawiwa wastawishaji binafsi, na tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kutoka damu walipokwenda kupanda mti langoni. Sheria ya Misitu ya 2005 ikafungua mlango kwa jamii kushiriki katika usimamizi, na mwaka 2009 kikaundwa chama cha jamii cha Friends of Karura Forest. Ua wa umeme ukasimamishwa, maskauti wa kulinda msitu wakaajiriwa, mbega wakarudishwa kutoka Kipipiri, makutano ya vijia yakapewa nambari ili asipotee mtu. Kazi hiyo yote ilikuwa nzuri.

Uzuri wake ulitegemea mfumo wa fedha usiovutia macho. Chama na KFS walisimamia mapato kwa pamoja, na pesa za langoni ndizo zilizowalipa maskauti na kugharamia matengenezo. Mgeni alilipa, tiketi ikatoka, na fedha zikabaki karibu na mti uliozileta. Malipo kwa M-Pesa yalikuwapo tayari, kwa hiyo hoja kwamba eCitizen ilikuja kuuleta msitu katika enzi ya dijitali haina mashiko. Kilichobadilishwa ni mahali pesa zinapolala.

Hapo ndipo uchambuzi unapopaswa kukaa. Nambari ya malipo ya eCitizen, 222222, ni mfereji mmoja ambamo serikali imeelekeza malipo ya huduma zake, kuanzia pasipoti hadi leseni. Kwa pasipoti, mfereji huo unafaa: kuchelewa kwa fedha hakuharibu kitabu kilichokwisha kuchapwa. Msitu ni jambo tofauti. Fedha zikienda kwanza kwenye mfuko mkubwa, kurudi kwake hutegemea bajeti, maombi, idhini na ratiba ya Hazina, nayo ratiba hiyo haijui mvua inanyesha lini. Kaunti zinazosubiri mgao wao kutoka Hazina ya Taifa zinaweza kulifafanua hili kuliko mwandishi yeyote.

Ua wa umeme ni mfano wa kwanza. Tawi likianguka juu ya waya baada ya upepo wa usiku, umeme huvujia ardhini na sehemu ndefu ya ua hubaki mapambo. Skauti hutembea kandokando ya ua asubuhi, akasoma kipimo, akalitafuta tawi na kulikata kwa panga. Kazi hiyo haiwezi kusubiri mwezi ujao, wala skauti asiyelipwa mwezi uliopita hawezi kutegemewa kuifanya kwa moyo. Wanairobi wenye kumbukumbu wanajua Karura isiyo na doria ilivyokuwa: habari zake zilikuwa za wizi na maiti.

Kijia ni mfano wa pili, na ndio unaopuuzwa zaidi. Udongo wa Karura ni mwekundu na laini. Baiskeli zikipita mahali pamoja mteremkoni, huchimba mkondo mwembamba. Maji ya mvua huufuata mkondo huo, huupanua, na mizizi hubaki wazi. Watembeaji hukwepa tope kwa kupita pembeni, na kijia cha mita moja kikawa cha mita tatu. Dawa yake ni rahisi: tuta dogo linalokatiza kijia mshazari ili kuyamwaga maji pembeni, na vibarua wa kulizibua kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Fedha zikifika Februari, zinanunua tuta. Zikifika Juni zikiwa kamili bila kupungua senti, zinakuta korongo.

Taaluma ya burudani ya misituni iliumaliza mjadala huu zamani. Mwaka 1985 idara ya misitu ya Marekani ilichapisha utaratibu unaoacha kuuliza msitu unaweza kubeba watu wangapi, na badala yake kuuliza ni mabadiliko kiasi gani yanayokubalika, yatapimwaje, na ni hatua gani itachukuliwa mpaka ukivukwa. Utaratibu huo unadai meneja mwenye uwezo wa kufunga kijia Jumatatu na kukitengeneza Jumanne. Meneja aliyenyang'anywa fedha hubaki na jukumu la kupima peke yake.

Watetezi wa agizo wana hoja moja ya haki: fedha za umma zinahitaji ukaguzi, na chama cha jamii si malaika. Lakini ukaguzi ni kazi ya mkaguzi, na unaweza kufanywa bila kuhamisha akaunti. Hata Katiba ya 2010, katika kifungu cha 206, inayoelekeza mapato ya serikali ya kitaifa kwenye mfuko mkuu, inaruhusu sheria ya Bunge kuacha fedha katika mfuko wenye lengo maalumu, au kwa chombo cha serikali kilichozipokea ili kigharamie matumizi yake. Kifungu cha 69 nacho kinaidai serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilisimamisha agizo hilo kwa muda mnamo Septemba 2025, na haikushangaza.

Wangari Maathai aliujua ufundi huu wa kuzifikisha fedha panapofanyika kazi, bila mtandao wowote. Shirika la Green Belt Movement, alilolianzisha mwaka 1977, liliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche ulioishi. Mche uliokufa haukulipiwa. Malipo yalifuata matokeo, yakafika kijijini, yakamfikia aliyemwagilia. Leo nchi ina kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hesabu inayotangazwa kwa fahari ni ya miche iliyopandwa. Anayetaka kujua mingapi imeishi angoje. Pwani nako, mradi wa Kipepeo wa Gede, ulioanza mwaka 1993, unawapa wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke kipato kutokana na ufugaji wa vipepeo, na kwa njia hiyo msitu ukapata majirani wenye sababu ya kuulinda.

Marekebisho yanayohitajika Karura hayahitaji teknolojia mpya. Malipo yaweza kupitia mfumo wowote wa simu, mradi fedha zigawanywe papo hapo: sehemu ya serikali iende serikalini, na sehemu ya matengenezo iingie siku hiyohiyo katika akaunti ya pamoja ya KFS na chama. Hesabu zitangazwe malangoni kila robo ya mwaka. Hali ya vijia ipimwe kabla na baada ya kila msimu wa mvua, na ada ipangwe kwa gharama ya kuvitengeneza. Agizo lolote linalogusa mapato lipitie kwanza kamati ya pamoja, maana makubaliano ya usimamizi yanayoweza kufutwa kwa tangazo ni karatasi tu. Vyama vya jamii vya misitu mingine vinaitazama Karura, na kitakachoamuliwa hapo kitaviambia kama inafaa kujitolea tena.