Pembe Mbili za Tembo Mmoja

Shehena ya pembe za ndovu ikinaswa bandarini, makaratasi yake mara nyingi hutaja majani ya chai au bidhaa nyingine halali. Ukweli unabaki kwenye pembe zenyewe, na Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ndio waliotafuta njia ya kuusoma.

Walianzia kwenye kinyesi. Ute unaofunika kinyesi kibichi cha tembo una chembe za utumbo wake, na ndani ya chembe hizo mna DNA. Sampuli kutoka nchi 29 za Afrika zikawapa ramani ya vinasaba, kwa kuwa tembo wa eneo moja hukaribiana kinasaba kuliko wa mbali.

Kwenye pembe, hukatwa kipande kidogo upande wa shina, pale ilipokuwa fizi. Kipande hicho husagwa katika ubaridi mkali wa naitrojeni ya kimiminika, maana joto la kusaga lingeharibu DNA. Alama 16 hupimwa, kisha hulinganishwa na ramani. Matokeo ya 2015 yalituuma: pembe nyingi za tembo wa savana zilizonaswa tangu 2006 zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kati ya 2009 na 2014, tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi 43,000.

Kujua walikouawa bado hakumfikii tajiri wa biashara. Ufunguo ulitoka kwenye kazi ndogo ya maabara. Ili wasimpime tembo mmoja mara mbili, watafiti walizipanga pembe kwa jozi, wakitazama rangi, unene na alama ya fizi. Nyingi zilikosa mwenza. Walipolinganisha DNA ya pembe za shehena 38, waligundua jozi 26 zilizotenganishwa: pembe moja katika shehena hii, ya pili katika nyingine. Kwa kawaida shehena hizo zilipitia bandari ileile, bila kupishana zaidi ya miezi kumi. Utafiti huo wa 2018 ulionyesha mitandao mitatu mikubwa ya magendo: ya Mombasa, ya Entebbe na ya Lomé.

DNA haitaji jina la mtu; simu, fedha na nyaraka bado zinahitajika mahakamani. Lakini anayeshtakiwa kwa kontena moja anaweza kuunganishwa na mengine matatu, na kosa dogo likawa uhalifu wa kupangwa. Kwa hiyo kila shehena ichukuliwe sampuli mapema, kabla haijafungiwa ghalani au kuchomwa moto. Shehena isiyopimwa humlinda tajiri aliyeituma.